Jioni ya kwanza Wuhan, na mizigo ya watu

Kila mtu akisikia nimesoma China ananiuliza swali lile lile, eti siku ya kwanza ilikuwaje, na ukimwangalia usoni unaona kabisa anasubiri stori za maghorofa na roboti na watu kula nge. Samahani sana. Mi jioni yangu ya kwanza Wuhan niliimaliza natafuta shuka, natafuta umeme wa chumbani, natafuta njia ya kumwambia mama nimefika. Nimewauliza wenzangu waliokwenda Urusi, India, Uturuki, wote wanasema hivyo hivyo, kushangaa kunakuja baadaye ukishashiba na kulala. Kwenye vikao vya kuagwa hawakwambii hili. Unaambiwa ukawe balozi mzuri wa nchi, usome kwa bidii, usijiingize kwenye mambo ya watu, urudi ujenge taifa, yote sawa, lakini hakuna anayesimama kukwambia kwamba kitanda utakachokikuta ni ubao, na kwamba posho ya skolashipu haitoki siku unayofika.

Nianze na mizigo, maana mizigo ndiyo iliyonifanya nipokelewe.

Ndege ilituruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Vitu vyangu mimi havikujaza hata begi moja, mtoto wa Makambako, kule Njombe, nina nini cha kujaza begi. Ila jina lilipotoka tu kwenye orodha ya waliopata, sijui nani alinitaja kwenye grupu gani, nikaanza kupokea meseji. Kaka mmoja simjui: hongera mdogo wangu, mi niko Wuhan nasoma udaktari, kwetu Tukuyu, unapita Dar lini, kuna kamzigo kadogo mama atakaleta stendi. Kesho yake dada mwingine na yeye ana kamzigo. Hako kamzigo kadogo bana kalikuwa dagaa wa Kigoma waliokaushwa wakakaukiana, sembe, majani ya chai, karanga za kukaanga, pilipili ya kusaga, vitenge, na mafuta ya nywele ya dada. Mama alikaa kwenye kigoda ananiangalia napanga begi la pili, akaniuliza, "Hivi wewe unaenda kusoma au kuuza dagaa?"

Nilinung'unika kidogo, sisemi uongo. Nilikuwa sijaelewa kwamba huo ndio utaratibu wenyewe. Mgeni anabeba mizigo ya wenyeji, wenyeji wanakuja stesheni kumpokea, na hata kama wanakuja nusu kwa ajili yako na nusu kwa ajili ya dagaa wao, si wamekuja? Kuna wenzetu waliojifanya wajanja wakakataa kubeba vya watu, wakafika usiku na mabegi mepesi na ramani kwenye simu ambayo haifunguki.

Tulitua Guangzhou asubuhi, tukiwa Watanzania kama basi dogo hivi, tukaagana pale pale uwanjani maana kila mtu na mji wake. Mimi nilikuwa na maelekezo niliyoyapiga picha kabisa kabla ya kuondoka Dar, kwa sababu kaka wa Tukuyu alishanionya kwamba ukitua huku WhatsApp inakufa, Google inakufa, YouTube, Instagram, Facebook, vyote vinalala. Laini ya nyumbani ukiiunganisha huduma ya kutumia nje ya nchi inafungua, kwa sababu data yenyewe inazunguka hadi kwa mtandao wa nyumbani, ila salio linaisha ukiwa bado unaandika "mambo". Mi sikuwa na hela hiyo. Laini yangu ilikuwa inapokea SMS tu, basi.

Treni ya kwenda Wuhan inatembea kama kilometa elfu moja kwa saa nne na kidogo. Juu ya mlango kuna kioo kinaandika mwendo, 298, 301, 305, na kikombe cha maji kimetulia mezani. Wakati huo SGR yetu ndio kwanza ilikuwa imeanza kubeba abiria miezi michache nyuma, ile Juni 2024, na mwendo wake 160, tukawa tunajisifu mitandaoni mpaka basi. Kila behewa lina bomba la maji ya moto, sio ya vuguvugu, yanayochemka kabisa, na watu wazima wanapita na vichupa vyao vya chai wanajaza. Hapo nikajiona niko nyumbani kidogo. Makambako hakuna mtu anakunywa maji ya baridi kwa hiari yake.

Kilichonishika njiani ni mianzi. Ukishapita mahandaki ya milimani, mengi mno, sikio linaziba na kuzibuka, unaingia Hunan na pembeni kuna milima imejaa mianzi mpaka juu. Mtu wa Njombe ukimwonyesha mianzi mingi hivyo anawaza kitu kimoja tu. Nilikaa kama nusu saa najiuliza hawa watu na mianzi yote hii, hakuna hata mmoja anayegema ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi? Baadaye niliuliza, hawagemi, wanakula machipukizi yake na wanatengenezea vikapu na vijiti. Haya. Kila mtu na riziki yake.

Halafu kulikuwa na hili la wiki yenyewe. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba 2024, na Rais Samia alikuwa Beijing kwenye mkutano wa China na Afrika, na tarehe 4 ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yeye na Rais wa Zambia na Xi Jinping wakishuhudia. Makambako ni mji wa TAZARA. Babu yangu alichimba udongo kwenye ile reli, miaka ya sabini, na Wachina anaowakumbuka yeye ni vijana wenye kofia za majani wanaokula wali kwa haraka na kufanya kazi mvuani. Kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, wameijenga kuanzia 1970, na wengine wao hawakurudi, makaburi yao yapo Gongo la Mboto mpaka leo. Babu aliponiaga aliniambia nikiwakuta wenzake niwasalimie. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba walio hai sasa ni wazee kama yeye na nchi ni kubwa.

Wuhan nilifika saa kumi na moja jioni. Mlango wa treni ukafunguka, nikapigwa na joto. Sikutegemea kabisa, mi kichwani China ilikuwa ni baridi, nimevaa sweta mama aliloninunulia mnadani, na nje ni joto la Dar mwezi wa pili, lile la kunata, huku jua linaenda kuzama. Wachina wenyewe wanaiweka Wuhan kwenye kundi la majiji wanayoyaita tanuri. Stesheni kubwa mno, watu kama wote, na mbele ya geti nikaona mtu mweusi mrefu kashika simu juu, kwenye kioo kaweka bendera ya Tanzania.

"Pole na safari, dogo. Dagaa wamefika?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kuambiwa Wuhan, na nilicheka mpaka machozi yakataka kutoka, au labda yalikuwa yanataka kutoka tangu Guangzhou yakatafuta kisingizio.

Tukaingia metro. Kwenye metro mabegi yanapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, kila siku, kila mtu, hata mzee mwenye kikapu cha mboga. Askari akaona chupa yangu ya maji akaninyooshea kidole nikashtuka, kaka akaniambia kunywa kidogo, anataka kuona kama ni maji kweli. Nikanywa. Akatikisa kichwa tukapita. Tulichukua laini namba 4, tukabadilisha kwenda namba 2, ile ambayo upande wa pili inapita chini ya mto Yangtze, ya kwanza nchini kwao kufanya hivyo, imefunguliwa 2012. Sisi hatukuvuka mto siku hiyo, chuo chetu kiko upande wa Wuchang. Wuhan kumbe ni miji mitatu iliyounganishwa, Wuchang, Hankou na Hanyang, na mto uko katikati. Kaka alikuwa ananielezea yote haya kama kondakta, mi nasikia nusu. Mtoto mmoja wa kiti cha mbele alinikazia macho vituo vyote mpaka bibi yake akamgeuza kichwa kwa mkono, halafu bibi mwenyewe akaniangalia kidogo kwa pembeni. Sikuona ubaya. Kwetu Mchina akishuka Makambako stendi anaangaliwa hivyo hivyo, tena anaimbiwa.

Sasa getini chuoni ndipo nilipokutana na kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenitajia. Uwanja mzima umejaa vijana wenye kombati, maelfu, wamekaa chini kwa mafungu wanaimba, fungu hili likimaliza lile linajibu, na waalimu wa kijeshi wamesimama mbele. Nilisimama na mabegi yangu nikauliza, kaka kuna vita? Akasema hapana, hao ni first year wa Kichina, kila mwaka wa kwanza anapiga kwata kama wiki mbili hivi kabla ya kuanza kusoma, ni lazima. JKT kwa mujibu wa sheria, yaani. Mi nimepita kambi ya Mafinga, nikawatazama wale waliokaa nyuma wakisinzia na kofia imefunika macho, nikawajua wote mmoja mmoja. Sisi wageni hatuguswi na hilo zoezi. Ila nikwambie, kati ya vitu vyote nilivyoviona jioni ile, hicho ndicho kilichoniambia hawa ni watu tu kama sisi, mtoto ametoka kwao juzi, hajalala, anaimbishwa.

Hosteli ya wanafunzi wa nje ina mama wa mapokezi, wote wanamwita ayi, wanafunzi wa nchi zote. Ayi hakuwa na haraka. Alichukua pasi yangu, akaipiga picha kila ukurasa wenye muhuri, akanipa karatasi za kujaza, na kila nilipojaza alikuwa na nyingine. Sheria yao ni kwamba mgeni lazima asajiliwe polisi mahali anapolala ndani ya saa 24, kwa hiyo ayi hachezi na hilo, nadhani kuna siku alishawahi kuulizwa. Halafu amana ya chumba, ya yuan. Mi nina dola, benki imefungwa, na hata ingekuwa wazi foleni yake ni ya asubuhi. Kaka akatoa simu akaskani kile kibandiko mezani, tii, imelipwa. Nikamuuliza nitakulipaje, akasema utalipa posho ikitoka, na ya kwako haitatoka mpaka ufungue akaunti na usajiliwe chuoni, kwa hiyo tulia. Posho ya shahada ya kwanza ilikuwa yuan 2,500 kwa mwezi, na yuan moja siku zile ilikuwa kama shilingi 380 hivi. Fanya hesabu mwenyewe, si mbaya kabisa, tatizo ni kwamba haipo siku unayoihitaji zaidi.

Chumba ghorofa ya nne. Mwenzangu wa chumba, Mpakistani, alikuwa hajafika. Kitanda ubao, juu yake kitu cha unene wa vidole viwili, sijui nikiite godoro au mkeka. Nikabonyeza swichi ya kiyoyozi, kimya. Taa, kimya. Umeme umeisha. Huko umeme wa chumbani ni wa kulipia kabla, ni LUKU kabisa, na aliyetoka kabla yangu alihakikisha haachi hata uniti moja ya msamaha, nami simlaumu, ningefanya hivyo hivyo. Nikarudi kwa ayi. Ayi akaeleza kwa mikono kwamba unalipia kwa programu ya chuo, na ya chuo inataka namba ya mwanafunzi, na namba ya mwanafunzi unapewa ukisajiliwa, na usajili ni kesho kutwa. Hapo ndipo mtu wa vikao vya kuagwa alitakiwa awepo.

Kaka wala hakushtuka. Akafungua programu yake, akachagua jengo letu, akaandika namba ya chumba changu badala ya chake, akalipa. Taa zikawaka tukiwa bado tunaongea na ayi, tukaona mwanga kwenye dirisha la ngazi kulikokuwa giza. Kumbe ukijua jengo na namba ya chumba, yeyote anaweza kukulipia. Hiyo elimu haipo kwenye kijitabu chochote nilichopewa.

Shuka sasa. Tukatoka kwenda supamaketi ya chuo kabla haijafunga, na njiani kwenye kiwanja kidogo mbele ya benki kulikuwa na spika kubwa na wamama wa makamo, wengi, mistari imenyooka, wanacheza. Wamevaa nguo za nyumbani, mmoja ana mfuko wa vitunguu ameuweka chini pembeni anacheza huku anauchungulia. Kila jioni wanafanya hivyo, China nzima, hakuna kiingilio wala mgeni rasmi. Nilitaka kusimama niangalie, kaka akanivuta, supamaketi inafunga saa tatu. Tukanunua lile furushi la mwanafunzi, shuka, mto, godoro la pili jembamba la kuweka juu ya la kwanza, beseni na chupa ya chai. Nikatoa noti ya yuan mia niliyobadilisha uwanjani, dada wa kaunta akaiangalia kama nimempa hati ya nyumba, akaanza kutafuta chenji kwenye droo, hana, akaita mwenzake, hana. Watu nyuma yangu foleni inakua. Kaka akaskani. Deni likakua nalo.

Ndio maana ilibidi WeChat, ile programu yao ya simu ya meseji na malipo, ifunguliwe usiku ule ule, maana bila hiyo huli, husafiri, hupati matangazo ya darasa, hata mwalimu wako humpati. Nikaipakua kwa waifai ya kaka, nikaweka namba yangu ya Bongo, SMS ikaingia, nikajua tumemaliza. Ikaniambia tafuta mtu mwenye akaunti ya siku nyingi askani huu mchoro kukuthibitisha. Nilicheka. Nimetoka kijijini kupata barua ya mtendaji, mjumbe kanidhamini, mtendaji kapiga muhuri, nimefika nchi ya watu, simu nayo inataka mdhamini.

Kaka akaskani. Ikakataa. Ukishamdhamini mtu mwezi huu hudhamini mwingine, na yeye juzi yake alikuwa amempokea dogo mwingine wa Singida. Dada wa mafuta ya nywele naye kashatumia nafasi yake. Ni Septemba, kila mwenyeji kaelemewa na wageni. Tukaanza kugonga milango ya ghorofa nzima, Mghana kashadhamini, Mzambia hayupo, Mmalawi akaunti yake yenyewe ina wiki tatu. Mlango wa mwisho kabisa, karibu na jiko, akafungua Mkongo wa Bukavu, tukamwelezea kwa Kiingereza akatuangalia tu mpaka mwisho, halafu akasema, "Lakini nyinyi munasema Kiswahili, munanisumbulia na Kingereza ya nini? Leta telefone." Akaskani. Ikakubali. Tangu siku ile kila mtu akinisifia Kiswahili sanifu namwambia mi Wuhan nimefunguliwa milango na cha Bukavu.

Saa mbili na nusu usiku, Makambako ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. China nzima inafuata saa za aina moja, kutoka mashariki mpaka magharibi, na sisi wanatuzidi saa tano. Kaka alikuwa na njia zake za kufungua WhatsApp, sitazieleza hapa, akampigia mama kwa namba niliyomtajia. Mama akapokea kwa ile sauti ya namba ngeni.

"Kamwene."

"Kamwene mama, ni mimi."

Kimya. Halafu kelele, akawaita wote waliopo uani, nikasikia kuku wanakimbia. Ikabidi nisubiri asalimie kwanza kwa niaba ya wote. Umefika? Nimefika. Umekula? Bado, ndio tunapika. Mnapika nini saa hizi? Kuna baridi? Nikamwambia joto, sweta nimelivua. Hakuamini. Akauliza, "Hiyo Wuhan ni ile ile ya korona?" Nikasema ndiyo mama, ile ile, ila imekwisha. Hilo alikuwa analo moyoni tangu barua ilipotoka na hakulisema hata siku moja, alilisubiri nifike. Na mtu huwezi kumlaumu, Januari 23, 2020 jiji lile lilifungwa, haingii mtu hatoki, mpaka Aprili 8, na ndani yake walikuwepo wanafunzi wa Kitanzania, redio zikawa zinasoma habari zao kila jioni na wazazi wamekaa nyumbani hawana la kufanya. Mimi nilikuwa sekondari nasikia kama habari. Mama alikuwa anasikia kama mzazi. Nikamwambia watu wanacheza muziki barabarani huku, wamama wenzako, akasema kwa nani? Kuna harusi? Nikasema hapana wanacheza tu. Akatulia akasema haya.

Halafu akaniuliza kama nimemwona Mama Samia, si naye yuko huko huko. Nikamwambia mama, Beijing ni mbali, zaidi ya kilometa elfu moja. Akasema lakini si China hiyo hiyo?

Kantini zilikuwa zimeshaosha vyombo. Huko chakula cha jioni kinaanza saa kumi na moja, ikifika saa moja na nusu unakuta wanapiga deki, na hata ile kantini ya Waislamu yenye tambi za kuvutwa kwa mkono, inayochelewa kidogo kuliko nyingine, tuliikuta viti viko juu ya meza. Kwa hiyo begi langu la pili likafunguliwa pale pale kwenye korido ya jiko na watu wakaja. Sijui walijuaje. Dada akachukua mafuta yake na vitenge akaviangalia kimoja kimoja, Mkongo akaomba pilipili, kuna Mkenya mmoja wa Kisumu akaja kunusa tu dagaa akasema hawa wa Kigoma ni wadogo, wetu wa ziwa letu wana nyama, ukaanza ubishi ambao naamini haujaisha. Kaka wa Tukuyu alisonga ugali mwenyewe kwenye jiko la umeme, jasho linamtoka, kakunja suruali, na akaupiga mwiko mtu mzima. Sembe ile nyeupe ilikuwa ya kwake, imetumwa na mama yake, na alipika nusu nzima usiku ule kwa ajili ya kundi zima. Nilikuja kuelewa baadaye thamani ya kitendo kile, maana kinachouzwa madukani huko ni unga wa mahindi ya njano, na ugali wake unanata na una utamu fulani hivi usioeleweka. Nilipomwelezea mama akasema, "Kumbe ule wa Yanga!" Enzi za njaa ndio waliokula, wakauita hivyo kwa rangi yake ya njano.

Nilikula kwa mkono nimekaa sakafuni. Nikauliza maswali yangu yote niliyokuwa naona aibu kuuliza, vyoo vikoje, vya kuchuchumaa, sawa hivyo navijua, karatasi ubebe mwenyewe. Geti linafungwa saa tano usiku, ukichelewa unamwamsha ayi na atakukumbuka mwaka mzima. Asubuhi watu wanakula tambi zenye ufuta wakitembea, uzijaribu, ila usizichanganye na maziwa. Kesho saa mbili uwe chini na pasi, kivuli cha pasi, picha, twende polisi kwanza, halafu benki, halafu laini ya simu, halafu vipimo vya afya, usinywe chai kabla ya vipimo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huku jembe unakabidhiwa ukiwa bado unalamba vidole.

Kuna kitu nakiamini toka siku ile na watu hawapendi nikikisema. Vyuo vingi vinatumia nguvu nyingi kwenye sherehe ya ukaribisho, keki, bendera, picha ya pamoja, na inafanyika wiki ya pili wakati mtu ameshajitegemea. Jioni ile ya kwanza yenyewe wanaiachia wanafunzi wenyewe na ayi mmoja asiyejua lugha yako. Kaka wa Tukuyu alikuwa na mtihani wa anatomia wiki ile, wa kurudia. Sikujua mpaka mwezi umepita, na aliyenipa habari ni dada, yeye mwenyewe hakuwahi kutaja.

Kabla simu haijakatwa, mama aliomba apewe huyo kijana aongee naye. Akamshukuru kwa Kibena kwanza, akaona haeleweki, akarudi kwenye Kiswahili, akamuuliza kwenu wapi, mama yako anaitwa nani, ana simu? Kaka akamtajia namba. Mi nilidhani ni adabu tu za watu wazima, yameisha. Jioni hiyo hiyo mama akampigia mama wa Tukuyu, naye akataka kujua mtoto wake amekonda au hajakonda, mama akamwambia nimesikia sauti tu lakini ni sauti ya mtu aliyeshiba. Wakaendelea. Wakawa wanapeana taarifa zetu, kwa hiyo nikimficha mama kitu kinamfikia kupitia Tukuyu, na matokeo ya kaka ya anatomia yalifika Makambako kabla mwenyewe hajaamua namna ya kuyasema. Sasa hivi sisi wenyewe tunatafutana kwa sikukuu tu, yeye yuko hospitali mafunzoni, mimi nimebanwa na mambo yangu. Wao wanaongea kila Jumapili baada ya kanisa. Juzi nimepiga nyumbani naambiwa mama hayupo, amekwenda stendi kupokea mchele wa Kyela, na ametoka na debe la maharage la kurudishia, na nikiuliza kwa nini sikuambiwa naulizwa mimi linanihusu nini.